Faili za ramani za Bijombo: namna ya kuzifungua kwa Linux, na mambo ya kuangalia mbele ya kuziamini

Tuseme wewe ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya kule Bijombo, juu ya milima, mtaa wa Uvira. Mtu ametelemuka mjini, amerudi na flashi. Ndani kuna zip moja yenye jina « vijiji ». Kampeni ya chanjo iko karibu na umeambiwa kwamba ramani iko humo. Unafungua zip, unakuta vitu vitano au sita vyenye jina moja na mikia tofauti. Unabonyeza kimoja, mashini inasema haikijui. Unabonyeza kingine, inafunguka orodha ya majina, bila ramani yoyote. Unafunga mashini na kusema: waliniletea kitu kilichoharibika.

Mara nyingi hakijaharibika. Kinaomba programu yake tu, na programu hiyo ni ya bure.

Tunaandika juu ya jambo hili sababu faili za namna hiyo njo zinatumika kule mbali kuamua mambo ya hapa. Bukavu, Kinshasa, hata Geneva, mtu anaketi mbele ya mashini, anahesabu vijiji, anagawa dawa, anachagua njia ya timu. Kijiji ambacho hakimo ndani ya faili hakimo ndani ya hesabu. Na yule anayelala katika kijiji hicho, ambaye angeweza kusema « hapana, mtoni siyo pale », hana namna ya kufungua faili ile akaona kosa.

Kwa nini Linux

Tusidanganyane: mashini nyingi za sekretaria na za vituo vyetu zinatumia Windows ya kunakiliwa, bila leseni, na kila flashi inayoingia inaleta virusi vyake. Tena programu za ramani za kampuni kubwa zinaomba leseni ya kulipa, na bei yake haina uhusiano na mfuko wa kituo cha afya cha kijijini.

Linux ni bure, na msimbo wake uko wazi: yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma na kuubadilisha. Kuna Debian, iliyoanza 1993, na Ubuntu, iliyotoka 2004 ikijengwa juu ya Debian. Kuna pia aina nyepesi kama Lubuntu kwa mashini za zamani zenye nguvu kidogo. Programu ya ramani tunayoizungumzia inaitwa QGIS. Gary Sherman, Mmarekani, aliianza 2002 sababu alikuwa anatafuta kitu cha kutazama data za ramani kwenye Linux. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ramani « haziendi na Linux » hajui historia: QGIS ilizaliwa kwa kazi hiyo hiyo. Leo inafanya kazi kwa Windows na Mac pia, na menyu zake zinapatikana kwa Kifaransa.

Ukiwa na intaneti, kwa Ubuntu au Debian unafungua dirisha la amri na kuandika mistari miwili:

sudo apt update
sudo apt install qgis gdal-bin

Hiyo gdal-bin ni sanduku la vyombo vidogo. Inatoka kwa mradi GDAL ulioanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, na QGIS yenyewe inategemea GDAL ili kusoma karibu kila aina ya faili. Tutairudilia.

Kwa walio juu milimani, kupakua vitu vizito kwa mega za simu ni hasara. Kuna njia ingine: OSGeoLive. Ni Lubuntu nzima yenye QGIS na programu zingine za ramani zimeshawekwa, na inakaa kwenye flashi. Mtu mmoja anaitengeneza mjini, anapanda nayo, unaichomeka na kuwasha mashini kupitia flashi hiyo. Windows yako haiguswi. Ukitoa flashi, mashini inarudia hali yake. Kwa mimi hiyo njo namna bora ya kuanza, mbele ya mtu kuamua kubadilisha mashini yake yote.

Ndugu wasiotengana

Turudi kwa ile zip. Aina ya faili inayozunguka sana inaitwa shapefile. Ilitengenezwa na kampuni ya Esri ya Marekani katika miaka ya 1990 na mpaka leo watu hawajaiacha, hata kama ina kasoro nyingi. Siri yake ni kwamba shapefile moja si faili moja. Ile yenye mkia .shp inabeba maumbo: nukta za vijiji, mistari ya mito, mipaka. Ile ya .dbf inabeba jedwali la majina na hesabu, njo maana inafunguka kama orodha katika LibreOffice. Ile ya .shx ni kama faharasa inayounganisha. Ile ya .prj inasema namba za mahali zimepimwa kwa kipimo gani. Wakati mwingine kuna .cpg, inayosema herufi zimeandikwa kwa mtindo gani.

Ni ndugu wa tumbo moja. Mtu anayekutumia .shp peke yake kwa WhatsApp amekutumia mwili bila jina. Ukipoteza .dbf, unaona nukta lakini hujui ni kijiji gani. Ukipoteza .prj, unaona maumbo lakini mashini haijui ni wapi duniani. Ukipoteza .shx, usilie: GDAL inaweza kuitengeneza upya, kwa amri hii:

ogrinfo --config SHAPE_RESTORE_SHX YES vijiji.shp

Na hapa kuna mtego wa Linux wenyewe. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali sana. Kwa Linux, Vijiji.shp na vijiji.dbf ni majina mawili tofauti, kama Yoana na Yohana kwenye orodha ya uchaguzi. Faili iliyofunguka vizuri mjini inakataa kwako, na unafikiri Linux ni mbaya. Badilisha majina yafanane, herufi kwa herufi, kisha ujaribu tena.

Kufungua kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Toa kwanza vitu vyote ndani ya zip, uviweke ndani ya folda moja. Washa QGIS. Bonyeza Ctrl, Shift na V kwa pamoja, au pita kwa « Couche », kisha « Ajouter une couche », kisha « Ajouter une couche vecteur ». Chagua ile ya .shp tu. Ndugu zake watafuata wenyewe.

Usishangae ukiona kitu kibaya kwa macho: ukurasa mweupe wenye rangi moja ambayo mashini imeichagua ovyo. Barabara, ziwa, majina, hakuna. Watu wengi wanaachia hapo. Bonyeza F6 sasa. Jedwali linafunguka, na hapo njo kuna utajiri: kila mstari ni mahali kimoja, kila safu ni habari moja. Tafuta safu yenye neno kama groupement, chuja ubaki na Bijombo, na uanze kusoma kama mtu wa pale. Kijiji gani hakimo? Kipi kimeandikwa mara mbili? Kipi kilichomwa na watu wakahama, lakini bado kinahesabiwa?

Kijiji kilichopotea Haut-Uélé

Kuna makosa yanayorudi kila mara, na mengi yanatoka kwa sisi wenyewe tunapoandika namba za GPS katika karatasi.

Uvira iko karibu digri 3,4 kusini ya ikweta na digri 29,14 mashariki. Kwa mashini, kusini inaandikwa kwa alama ya kutoa: -3.4. Ukisahau kale kamsitari, mji wako unaruka ikweta na kutua Haut-Uélé, upande wa Dungu na Faradje. Ukibadilisha nafasi ya namba mbili, ya kaskazini-kusini ikaingia mahali pa mashariki-magharibi, Uvira inajikuta katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Na ukiacha nafasi zikawa sifuri, nukta zako zote zinaenda kuogelea baharini, mbele ya pwani ya Afrika ya magharibi. Ukiona nukta mahali pa ajabu, usitupe kazi. Mahali pale penyewe panakuambia kosa ni lipi.

Kosa la pili ni letu sisi tuliosoma Kifaransa. Tunaandika 29,14 kwa mkato. Programu nyingi zinataka nukta: 29.14. Jedwali lililohifadhiwa kama CSV kutoka mashini ya Kifaransa mara nyingi linatenga safu kwa nukta-mkato. Katika QGIS, usiingize CSV kwa njia ile ya kwanza. Pita kwa « Ajouter une couche de texte délimité », pale utachagua alama inayotenga safu na kuonyesha kwamba desimali imeandikwa kwa mkato. Safu X ni ya mashariki-magharibi, Y ni ya kaskazini-kusini. Tena usipunguze namba: digri moja ni karibu kilomita 111, kwa hiyo ukiandika desimali mbili tu unaweza kukosea kwa nusu kilomita au zaidi. Kule milimani nusu kilomita ni bonde lingine kabisa. Andika desimali nne au tano.

Wakati mwingine namba si digri. Ukiona kitu kama 737 000 na 9 624 000, hizo ni mita za kipimo kinachoitwa UTM, na kwa upande wa Uvira ni kanda 35 kusini. Katika QGIS kipimo hicho kina namba EPSG:32735. Digri za kawaida za GPS ni EPSG:4326. Kama .prj haipo, QGIS itaacha alama ya kuuliza kando ya jina, nawe utaiambia ni kipi. Lakini elewa: kuiambia mashini kipimo si kubadilisha kipimo. Mtu anayechukua namba za mita na kuziita digri anadanganya mashini, na mashini itamwamini. Kama unataka kubadilisha kweli, tumia « Exporter » na uchague kipimo kipya pale.

Anayenakili karatasi za zamani ajihadhari zaidi. Kama karatasi imejengwa juu ya kipimo cha Arc 1950, na mtu akaisoma kama ya GPS ya leo, kila kitu kinahama karibu mita mia tatu. Kwa kutafuta mji hiyo si kitu. Kwa kusema shamba liko ng'ambo gani ya kijito, ni kesi mahakamani.

Herufi nazo zinaharibika. Badala ya « é » unaona vinyota na takataka. Katika sifa za faili, sehemu « Source », badilisha mtindo wa herufi, ujaribu UTF-8, kisha ISO-8859-1. Moja kati ya hizo mbili kwa kawaida inakubali. Kwa majina yenyewe, hakuna kifungo cha kukusaidia: Chanzovu wengine wanaandika Cyanzovu, na kati ya L na R kila karani ana sikio lake. Mashini inayaona kama mahali tofauti. Njo maana faili nzuri zina safu ya kodi, na ukiunganisha orodha mbili, unganisha kwa kodi, si kwa jina.

Mstari umechorwa na nani?

Sasa tufike kwa jambo zito. Bijombo ni groupement ya usultani wa Bavira, mtaa wa Uvira, lakini katika milima hii neno « mpaka » linabeba damu. Wakati wa RCD kuliundwa mtaa wa Minembwe kwa kukata vipande vya Uvira, Fizi na Mwenga, baadaye uliondolewa. Kisha ikaja komini ya Minembwe, kwa amri ya 2013. Septemba 2020 kiongozi wake akasimikwa rasmi, kelele ikatoka kila upande, na Oktoba 2020 Rais Félix Tshisekedi, akiwa Goma, akatangaza kwamba anafuta yaliyofanywa kule na kwamba tume ya wataalamu itaundwa juu ya mipaka.

Ndani ya hali hiyo, mtu anakuonyesha mstari mwekundu kwenye skrini na kusema « tazama, ramani inasema ». Ramani haisemi. Mtu fulani alichora, siku fulani, kwa kazi fulani. Ukiwa umefungua faili mwenyewe, unaweza kumuuliza maswali. Ilitengenezwa mwaka gani? Kuna njia rahisi ya kujua kama ni ya zamani: kama Katanga bado ni jimbo moja na Tanganyika haimo, faili hiyo inafuata mgawanyo wa mbele ya 2015, pale Kongo ilipotoka kwa majimbo 11 ikawa na 26. Ilichorwa kwa kazi gani? Wizara ya Afya inagawa nchi kwa zoni za afya 519, na mipaka ya zoni si mipaka ya mitaa wala ya usultani. Juu ya milima ya Uvira kuna zoni ya afya ya Hauts-Plateaux. Kuwa ndani yake ni habari ya dawa na ya ripoti, haimfanyi mtu kuwa chini ya chifu fulani. Nimeshaona watu wakigombana kwa sauti juu ya mstari ambao ulikuwa wa zoni ya afya tu.

Katika zip angalia kama kuna faili ya maandishi au ya .xml inayoeleza. Katika QGIS bonyeza mara mbili jina la faili na usome « Information ». Kwa wanaopenda amri, hii inatoa muhtasari wote bila kuchora kitu:

ogrinfo -so vijiji.shp vijiji

Faili za Kongo zenye maelezo ya asili yake zinapatikana kwa Référentiel Géographique Commun, ambayo inakusanya data za ramani za nchi, na kwa Humanitarian Data Exchange ya OCHA. Za OpenStreetMap, ramani inayojengwa na watu wa kujitolea tangu 2004, zinatolewa kila siku na Geofabrik, kampuni ya Ujerumani, nchi nzima kwa pamoja. Ile ni nzito. Pakua Uvira au Bukavu, upande nayo.

Kuna pia umbo la ardhi yenyewe. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada, kazi inayojulikana kwa jina SRTM. Data zake ni bure na zinafunguka katika QGIS kama picha. Uvira iko ndani ya kipande S04E029. Milima iliyo magharibi ya digri 29 inaingia S04E028, kwa hiyo chukua vyote viwili. Utaona ziwa kwenye mita 770 hivi na milima ikipanda zaidi ya 2000 karibu kabisa na maji. Mtu wa ofisini aliyepima kwa rula kutoka Uvira mpaka kijiji chako na kuandika « karibu » ataelewa, akiona hiyo picha, kwa nini mwenye kubeba sanduku la baridi la chanjo anafika usiku.

Mbele ya kutuma

Ukishajua kufungua, utataka kusahihisha na kurudisha. Vizuri. Lakini fungua F6 tena, usome safu zote kama mtu asiyekupenda anavyoweza kuzisoma. Je, kuna namba za simu? Majina ya wakuu wa kaya? Safu inayosema kijiji hiki ni cha kabila gani, au wakimbizi wa ndani wamelala shule ipi? Nukta yenye desimali tano inampeleka mtu mpaka mlangoni. Flashi inapita vizuizi vingi kati ya mlima na mji, na hujui inanakiliwa wapi. Safu zisizo za lazima zitoe. Kufuta safu kwenye jedwali la nakala ni kazi ya mibonyezo mitatu. Kurudisha habari iliyotoka haiwezekani. OpenStreetMap nayo inaonwa na dunia nzima: pale andika shule, daraja, kisima, si mahali watu walipojificha.

Kwa kutuma, acha shapefile na ndugu zake wanaopotea njiani. Kuna GeoPackage, iliyokubaliwa kama kawaida ya kimataifa mwaka 2014: kila kitu ndani ya faili moja, tena majina ya safu hayakatwi kwa herufi 10 kama katika .dbf. Amri ni hii:

ogr2ogr -f GPKG bijombo_vijiji.gpkg vijiji.shp

Faili hiyo inafunguka pia katika QField, programu ya bure ya simu za Android, bila intaneti, na muuguzi au reko anaweza kutembea nayo kijiji kwa kijiji na kuweka nukta pale anaposimama.

Ongeza safu mbili: tarehe, na nani amehakikisha, kwa cheo chake kama si vizuri kuweka jina. Weka mwaka na mwezi ndani ya jina la faili. Na ile ya kwanza uliyoletewa, usiifute. Iweke kando kama ilivyo. Siku ofisi ya zoni itauliza kwa nini hesabu yako ina vijiji zaidi kuliko yao, utafungua zote mbili kwenye skrini moja, moja juu ya ingine, na kuwaonyesha kwa kidole.